Somo: Kujisuka Nywele Ndefu Mwenyewe



Akina mama na akina dada wa vikundi vya Mfangano, Takawiri na Mbita, tunawasalimu. Tunawasalimu pia akina baba, kwa maana tunajua gazeti hili likifika nyumbani husomwa na kila mtu kabla halijafungiwa sukari.

Safari hii hatuna somo la mbuzi wa maziwa wala la kuweka akiba. Tuna somo la kichwa. Wengine watacheka: Je, watu wa Kanisa sasa wanafundisha ususi? Ndiyo. Tumeombwa na vikundi zaidi ya kimoja, na baada ya kufikiri tumeona kwamba jambo hili linagusa mfuko wa mama, afya yake, na hata heshima yake mbele ya majirani. Swali lililoulizwa lilikuwa fupi: mtu mwenye nywele ndefu, akiwa peke yake nyumbani, anawezaje kujisuka zikapendeza, zisiwe kama kiota cha ndege?

Kwanza tuwaeleze lililotufanya tulichukue swali hili kwa uzito.

Katika kikundi kimoja cha kisiwani kuna mama mjane anayeuza omena. Alipofiwa alinyolewa kichwa kama ilivyo desturi ya liedo. Nywele zikaota tena. Baada ya miaka miwili zilikuwa zimefika mabegani, maana amejaliwa nywele nzuri. Lakini mama huyo alikuwa amekataa kurithiwa, na kwa macho ya wazee alikuwa bado hajatakaswa, bado yuko katika hali ile ya chola. Majirani walimwonea huruma, wengine walimletea chakula mlangoni, ila hakuna aliyekubali akae kati ya magoti yake amsuke. Waliogopa kukishika kichwa chake. Basi alikuja mikutanoni amefunga leso mpaka kwenye nyusi, na sisi tukadhani ni mgonjwa.

Siku moja alikuja bila leso. Kichwani alikuwa na matuta sita yaliyonyooka kama mistari ya shamba lililolimwa kwa maksai. Wenzake wakamzunguka: "Mama, nani amekusuka?" Akasema, "Ni mimi mwenyewe." Hakuna aliyeamini mpaka alipofumua tuta moja akalisuka tena mbele yao, huku akiongea bei ya omena.

Alitufundisha sisi pia. Mengi mtakayosoma hapa chini tumeyapata kwake, na mengine tumeyaongeza kutokana na mambo ya afya tuliyosomea.

Tuje kwenye pesa. Tuseme mama analipa msusi shilingi 300 kila baada ya majuma 6. Kwa mwaka ni karibu mara 9, yaani shilingi 2,700. Kama anavuka kwenda Mbita, aongeze nauli ya boti au feri ya kwenda na kurudi, mara hizo 9, na siku nzima iliyopotea. Bado hajanunua nywele za kuongeza. Kila mmoja apige hesabu yake kwa bei ya pwani yake, asitumie yetu. Halafu akumbuke miezi ambayo kwa kawaida uvuvi wa omena hufungwa, tangu mwezi wa 4 hadi mwisho wa mwezi wa 7. Miezi hiyo ada ya shule haifungwi, na merigoraundi ya kikundi inataka mchango wake. Hatusemi mtu asiende kwa msusi. Msusi naye ni mama anayetafuta unga. Tunasema tu kwamba aliye na njia mbili hukopa mara chache kuliko aliye na njia moja.

Sasa somo lenyewe. Tafadhali msomeane pole pole, na mmoja wenu afanye kwa mikono huku mwingine akisoma.

Vitu vinavyohitajika vipo karibu nyumba zote: kitana chenye meno mapana, kitana chembamba chenye mkia (au kijiti safi kilicholainishwa ncha), uzi mweusi wa kusukia, mafuta kidogo, vipande vinne vya leso kuukuu vya kufungia, na vioo viwili. Kimoja kiwe kikubwa cha kuegemeza ukutani au kwenye meza, kingine kidogo cha kushika. Mipira ya kufungia sukuma wiki isitumike kabisa. Inakata nywele.

Siku ya kwanza ni ya kuosha na kunyoosha. Usikoshe kichwa ziwani. Sababu ni mbili: sabuni yako inaharibu maji ambayo jirani atachota, na maji ya ukingoni yana konokono wa kichocho. Vijidudu vya ugonjwa huo huingia mwilini kupitia ngozi wakati umesimama majini huku umeinama na povu machoni. Chota maji, yaweke ndani ya pipa lenye kifuniko kwa siku mbili, ndipo uyatumie. Baada ya siku hizo mbili vijidudu vya kichocho vilivyokuwamo vimekufa. Ukiwa na haraka, chemsha halafu acha yapoe.

Nywele zetu zikikauka hivi hivi hujikunja na kupungua urefu hata nusu. Ndiyo maana watu wengi hukimbilia dawa ya kulainisha au kitana cha moto. Wazee walikuwa na njia nyingine isiyochoma: zikiwa na unyevu kidogo, gawanya mafungu manane au kumi, zungushia kila fungu uzi mweusi kutoka kwenye shina mpaka ncha, usikaze, ulale nazo. Asubuhi ukifungua utakuta zimenyooka na laini. Bibi zetu walienda hata kanisani na nyuzi hizo, nazo zilikuwa ni urembo kamili.

Siku ya pili ni ya kusuka. Chana kuanzia kwenye ncha ukipanda juu kuelekea kichwani. Wengi hufanya kinyume: huanza kwenye shina na kuvuta chini, wakikusanya mafundo yote mahali pamoja, kisha wanalaumu nywele zao ati ni ngumu. Fundo likikataa, weka tone la mafuta ulifungue kwa vidole.

Kugawa ndiko kunakoonyesha kama kazi ni safi au la. Kwa mbele tumia kioo. Weka ncha ya kitana katikati ya paji la uso, uvute moja kwa moja mpaka utosini. Kutoka hapo kioo hakikusaidii tena, sasa ni kazi ya vidole. Shika pua kwa mkono wa kushoto ili ujue katikati iko wapi, na kwa mkono wa kulia uendelee kuvuta ncha ile mpaka kwenye kile kishimo cha kisogoni. Mtacheka, lakini yule mama hufanya hivyo hivyo, naye hakosei. Kisha pitisha ukucha wa kidole gumba juu ya njia uliyochora. Ngozi ikiwa wazi ukucha utateleza. Ukikwama, pana nywele zimevuka upande wa pili. Zirudishe. Mwisho geuza mgongo kwenye kioo kikubwa, shika kile kidogo mbele ya uso, utaona kisogo chako. Funga kila upande kwa kipande cha leso ili nywele zisichanganyike.

Anayejifunza aanze na matuta mawili tu, moja kila upande. Asitake sita siku ya kwanza. Akiyaweza mawili, agawe kila upande mara mbili apate manne. Sita yatakuja yenyewe.

Chukua nywele kidogo mbele, kama unene wa kalamu, acha vile vinywele laini vya pembeni ya uso vikae nje. Gawanya mafungu matatu yaliyo sawa. Pitisha la kulia chini ya la katikati, sasa hilo ndilo la katikati. Pitisha la kushoto chini yake. Endelea hivyo. Mafungu yakipita chini, tuta huinuka na kuonekana. Yakipita juu, huzama ndani kama ukili wa mkeka. Yote mawili ni sawa, chagua moja usibadilishe njiani. Kila unapopitisha fungu chini, ongeza nywele kidogo kutoka kwenye ngozi iliyo chini ya vidole vyako, kiasi kile kile kila mara. Hapo ndipo unadhifu ulipo. Ukiongeza nyingi mara moja na kidogo mara nyingine, tuta litakuwa na vinundu kama njugu.

Kuna makosa matatu yanayompata kila anayejisuka mwenyewe, na msusi hayamsumbui.

La kwanza ni kioo. Kioo hugeuza kushoto kuwa kulia, na mikono inachanganyikiwa. Ukishaanza tuta, funga macho au tazama mlango. Mvuvi akishona nyavu usiku hamulikii kila fundo, vidole vyake vinajua.

La pili ni tuta kupinda kuelekea mkono wenye nguvu. Atumiaye mkono wa kulia hujikuta matuta yote yameelekea sikio la kulia. Dawa yake ni kugusa njia kwa kidole cha mwisho kila baada ya kusuka mara tatu, ili ujue bado uko sambamba nayo.

La tatu ndilo hatukulielewa mpaka tulipoonyeshwa. Mikono ikichoka mtu huinamisha kichwa, kidevu kikagusa kifua. Anasuka vizuri, lakini akiinua kichwa nywele za kisogoni zinalegea na kutokeza bonde. Mwingine huinua uso juu. Huyo matuta yake yatamvuta kila anapoinama kuosha vyombo. Shika kichwa wima, tazama mbele. Mikono ikichoka, weka viwiko juu ya meza, au bana tuta kwa kipande cha leso upumzike, unywe chai. Hakuna anayekufukuza.

Ukipita nyuma ya sikio hakuna tena nywele za kuongeza. Vuta mkia uje mbele ya bega, umalizie kusuka ukiona kwa macho. Ncha izungushie uzi mara tano au sita. Kama ni laini na haitaki kushika, ilowanishe na uizungushe kidoleni.

Mara ya kwanza itakuchukua asubuhi nzima na utachukia somo hili. Mara ya nne au ya tano utamaliza kabla maharagwe hayajaiva.

Tunataka kukaa kidogo kwenye jambo la kukaza, kwa sababu ndilo lenye madhara. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba msuko mzuri lazima uume, kwamba aliyesukwa vizuri halali usiku wa kwanza. Tumeona akina mama wanaomeza vidonge vya maumivu kwa ajili ya kusukwa! Maumivu hayo ni shina la unywele linalong'olewa pole pole. Kwanza hutokea vipele vidogo kwenye mstari wa mbele. Halafu nywele za panjani hupungua. Mtu akiendelea miaka, mahali pale pakawa pameng'aa kama paji la uso, hazirudi tena, hata apake mafuta ya aina gani. Jambo hili si la Waafrika peke yao. Mwaka wa 1907 Mwaustria Rudolf Trebitsch aliandika kuhusu wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, waliopoteza nywele za mbele kwa kuzifunga na kuzivuta kwa nguvu utosini.

Huku kwetu lina ubaya mwingine. Mama akionekana panja zimetoka, minong'ono huanza: "Huyo ameanza ugonjwa." Tumemwona dada mmoja aliyeacha kuja Misa kwa maneno hayo, kumbe alikuwa na miaka mingi ya matuta ya kukaza na nywele nzito za kuongeza, basi. Mwenye wasiwasi aende kituo cha afya akapimwe na kuelezwa. Nywele haziwezi kumpima mtu.

Anayejisuka mwenyewe ana faida hapa: kichwa kinachouma na mkono unaovuta ni vya mtu mmoja. Baada ya kumaliza, inua nyusi na ukunje uso. Ngozi ya kichwa ikisogea bila kuuma, ni sawa. Ukiona vipele, fumua siku hiyo hiyo, usihurumie kazi yako.

Matuta ya nywele zako mwenyewe yanaweza kukaa majuma mawili au matatu, yenye nywele za kuongeza yasizidi majuma sita. Lala na kitambaa laini. Mnaokaanga na kuchoma mbuta mfunge leso kila mara, kwa ajili ya moshi, kwa usafi wa samaki, na kwa usalama: nywele nyingi za kuongeza ni plastiki, zikiguswa na moto huyeyuka na kushikamana na ngozi.

Siku ya kufumua usiogope bonge la nywele litakalobaki kwenye kitana. Kichwa cha mtu mzima chenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku. Zikiwa zimesukwa hazianguki, zinangoja. Kwa majuma 6 ni siku 42, kwa hivyo utakusanya kati ya 2,100 na 4,200 kwa mara moja. Si uchawi, na si lazima kuzichoma usiku kwa siri. Nywele zinaota karibu sentimita moja kwa mwezi, haziendi mbio kuliko hapo kwa dawa yoyote.

Kuhusu vyombo: kila mtu awe na kitana chake, hasa watoto, kwa ajili ya chawa na choa. Kitana cha kuazimwa kilowekwe kwenye maji ya moto sana kwa dakika 10. Wembe, na sindano za kushonea nywele zinazoweza kuchoma ngozi, zisiazimwe hata kwa ndugu.

Tumeulizwa pia kama kusuka ni dhambi. Wapo majirani wa madhehebu mengine wanaokataza, wakitaja Waraka wa Kwanza wa Petro sura ya 3 na ule wa Kwanza kwa Timotheo sura ya 2. Tuwaheshimu. Lakini ukisoma pale utaona nywele zimetajwa pamoja na dhahabu na mavazi ya bei kubwa. Mitume walikuwa wanasema juu ya kujionyesha. Matuta mawili ya uzi wa shilingi chache si dhahabu. Na sisi Wakatoliki tunasoma katika kitabu cha Yudithi, sura ya 10, jinsi yule mjane alivyovua nguo za ujane, akaoga, akajipaka mafuta na kutengeneza nywele zake kabla ya kwenda kuwaokoa watu wake.

Jambo moja linatusumbua, na hatutaki kulificha. Dani mmoja wa Wakula alipotusikia tukifundisha alisema, "Mkijisuka wenyewe, mtaongea wapi?" Alisema kweli. Kukaa kati ya magoti ya mwenzako saa tatu ni mahali ambapo mama anasema yale asiyoweza kuyasema mkutanoni: mume anayepiga, mtoto aliyeacha shule, mwenye mashua anayetaka kitu kingine kabla ya kuuza samaki. Sisi wenyewe tumejua shida nyingi za kisiwa kupitia masikio ya wasusi. Kwa hivyo hatufundishi somo hili ili mwache kusukana.

Na yule mama mjane, tulipomsifu kwa ustadi wake, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hakujifunza kwa kupenda. Hatukuwa na la kumjibu.

Katika mkutano wenu ujao, kabla ya mazoezi, mjadiliane haya. Katika kijiji chetu ni nani hana mtu wa kumsuka, na kwa nini? Tunamwogopa yeye, au tunaogopa watu watakavyotusema? Mwenyekiti asiruhusu majina yatajwe kwa kusengenya. Halafu mkae wawili wawili, kila mmoja ajisuke tuta moja upande wa kulia, na la upande wa kushoto asukwe na mwenzake.

Wenye vioo vikubwa wavilete. Uzi na vitana tutakuja navyo sisi.